Maswali ya wazazi kuhusu shule ndogo binafsi, Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba, simu ya ofisi ya shule nayo huanza kuita. Wanaopiga ni wazazi wa Mtwara mjini, Mikindani, Tandahimba, Lindi, hata Nachingwea, na mengi wanayouliza yanafanana. Nimewahi kufundisha serikalini. Sasa nafundisha shule ndogo binafsi ya msingi, ya kutwa, huku huku kusini. Jina lake silitaji kwa kuwa haya si matangazo. Majibu yanaihusu shule yoyote ya aina hii, na mengine hayatawafurahisha wenye shule.

Shule ndogo ni ndogo kiasi gani?

Kipimo changu ni getini. Mwalimu mkuu akisimama pale asubuhi, anaweza kumwita kila mtoto kwa jina na kujua nani kamleta? Akiweza, hiyo ni shule ndogo. Mara nyingi ina mkondo mmoja kwa kila darasa, na walimu wote wanakaa meza moja wakati wa chai. Nyingine ni za kanisa, nyingine za taasisi za Kiislamu, nyingine za familia au mwalimu mstaafu aliyeanza na darasa la awali barazani kwake.

Serikali haitozi ada tangu 2016. Kwa nini nilipe?

Kama shule ya serikali iliyo jirani nawe ina walimu wa kutosha na madarasa hayajafurika, mpeleke huko na fedha zako zifanye kazi nyingine. Zipo shule za serikali nzuri kusini, na walimu wengi niliowahi kufanya nao kazi kule wananizidi kwa mbali.

Tatizo ni hesabu. Ada ilipoondolewa Januari 2016, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani waliandikishwa, jambo jema kabisa, ila madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Kuna mahali wanazidi hapo mara mbili. Mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kusahihisha madaftari 90 ya Hisabati kila siku na bado aandae somo la kesho. Atasahihisha ya waliowahi kumaliza, na wanaowahi kumaliza ni walewale. Atawafuatilia watukutu, maana wanamlazimisha. Katikati hapo kuna mtoto ambaye si hodari wala si mtukutu. Anakaa kimya, ananakili ubaoni, kengele ikilia anakwenda nyumbani. Anaweza kufika darasa la nne bila mwalimu yeyote kugundua kwamba hajui kugawanya.

Wazazi wengi wanaokuja kwetu ni wazazi wa mtoto huyo. Hodari atatoka popote. Mtukutu tayari anajulikana na shule nzima. Huyu wa katikati ndiye anayelipiwa ada ili aonekane.

Si ni kwa sababu ya Kiingereza tu?

Ndilo jibu ambalo wazazi hulitoa wakiulizwa, na lina mantiki yake: shule za msingi za serikali, karibu zote, zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari zinafundisha kwa Kiingereza, na mtoto aliyetoka shule ya kayumba anaingia kidato cha kwanza akikutana na Baiolojia na Fizikia katika lugha ambayo hajawahi kuitumia kufikiri. Mzazi anataka kuiepuka ile miezi ya kukariri bila kuelewa.

Ila ukikaa nao kwa muda, unasikia mengine. Mama mmoja mwenye genge la samaki alinieleza habari ya Kiingereza kwa dakika mbili, kisha akasema lililomleta: "Mwalimu, kule mwanangu aliumwa wiki nzima, hakuna aliyeniuliza kaenda wapi." Nikamwambia tangu hapo angeanza na hilo.

Halafu kuna jambo ambalo shule zetu hazipendi kulisema. Mchepuo wa Kiingereza hauna maana kama mwalimu mwenyewe Kiingereza chake ni cha kukariri. Ukitembelea shule, omba kukaa nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja. Sikiliza watoto, usimsikilize mwalimu peke yake. Wakiitikia "yes teacher" kwa pamoja kipindi kizima na hakuna hata mmoja anayeuliza swali, ondoka.

Huo ukaribu unaonekana wapi hasa?

Kwenye vitu vidogo vinavyokera kuvifuatilia. Mtoto asipofika saa moja na nusu, mwalimu wa darasa anapiga simu kabla ya mapumziko, siku hiyo hiyo. Baba akiwa amesafiri na meli au amehamia shamba kwa ajili ya msimu, mwalimu anajua, maana mtoto hubadilika.

Nitatoa mfano mmoja. Tulikuwa na mvulana wa darasa la tatu, mpole, Hisabati zake zilianza kuharibika ghafla. Mwalimu wake akachukua daftari, akaweka pembeni yake maswali aliyokuwa ameyaandika ubaoni. Njia za mtoto zilikuwa sahihi zote. Namba ndizo zilizokuwa si zenyewe. Kila penye 3 aliandika 8. Alikuwa anakaa mstari wa nyuma karibu na dirisha, na jua la saa nne lilikuwa linapiga ubaoni. Akahamishiwa mbele kesho yake, mama akaambiwa ampeleke kitengo cha macho Hospitali ya Ligula, akarudi na miwani. Hakuna ufundi wowote hapo. Mwalimu alikuwa na madaftari machache kiasi cha kulisoma hilo moja taratibu.

Mengine ni ya kuchekesha. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, mashati meupe yanafika na madoa ambayo sabuni haiyatoi, na kwa doa tu tunajua nani kapitia shambani kwa nani. Mwenye shamba anajua pia, ananipigia.

Hizi shule binafsi si mambo mapya ya watu waliokuja na gesi na kiwanda cha saruji?

Waliokuja kwa kazi za gesi ya Mnazi Bay na Madimba, na kiwanda cha Dangote kilichozinduliwa 2015, waliongeza wateja, hasa Mtwara mjini. Lakini shule zisizo za serikali ni za zamani sana huku. Wamisionari wa UMCA, wa Kianglikana, walifika Masasi 1876, na shule ya Chidya ni matunda yao. Wabenediktini walianza Ndanda 1906. Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alipita Ndanda. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule hizo zilichukuliwa na Serikali, na mpaka leo Chidya na Ndanda ni sekondari za serikali. Kilichokuja baadaye ni hizi za msingi za mitaani, ndogo, zinazoendeshwa kwa ada ya wazazi.

Mtoto analelewa na bibi yake, na anayelipa ada ni mjomba. Nani mtamhesabu mzazi?

Wote wawili, na mama aliyeko Dar es Salaam pia. Fomu nyingi za kujiunga zina nafasi ya baba na mama tu, kana kwamba zimechapwa kwa ajili ya nchi nyingine. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mjomba ana neno lake kuhusu mtoto wa dada yake, na shule isiyomjua mjomba itapata taabu siku ya uamuzi mzito. Andika majina yote na namba zote za simu. Sema nani wa kupigiwa mtoto akiugua, nani wa kupigiwa habari ya ada, na nani haruhusiwi kumchukua mtoto getini. Hili la mwisho watu huona aibu kuliandika. Liandike.

Bibi njoo kikaoni hata kama hujui kusoma. Taarifa ya maendeleo utasomewa na mwalimu mkiwa wawili tu, siyo mbele za watu.

Jando na unyago je? Mtatufukuzia mtoto?

Mtoto hafukuzwi kwa kuchezwa ngoma. Ila tunaomba mambo mawili.

La kwanza ni tarehe. Likizo ya Juni na ya Desemba zinatosha, na kalenda ya shule inajulikana tangu mwanzo wa mwaka. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto akikosa wiki tatu za muhula kwa sababu ngariba na kungwi walipatikana mwezi wa tano, hizo wiki hazirudi. Kaa na ndugu mapema, maana tarehe ya ngoma huamuliwa na wengi, na wa shambani wanafuata mavuno badala ya kalenda ya wizara.

La pili ni gumu zaidi na nalisema kama mtu wa huku. Binti wa darasa la tano akirudi kutoka unyagoni akiwa ameambiwa kwamba sasa ni mtu mzima, kuna watu wazima mtaani watakaolichukua neno hilo wanavyotaka. Katika shule ndogo mwalimu wa kike anamjua kabla na baada. Akibadilika, anakaa naye. Hatuingilii mafunzo ya heshima, usafi na kutunza nyumba. Kinachotuhusu ni kuona binti anabaki shule, na tumewahi kwenda nyumbani kwa mtu jioni kwa ajili hiyo.

Mwanangu anasoma chuo (madrasa) jioni. Atapata muda?

Atapata, kama shule inaacha watoto mapema. Uliza saa ya kufunga masomo, na uliza kama kuna "rimedio", yaani masomo ya ziada, ya lazima mpaka saa kumi na moja. Shule ikimrudisha mtoto saa kumi na mbili jioni, hana chuo, hana mchezo, na kazi ya nyumbani ataifanya akisinzia. Sisi na maustadhi wa mtaa wetu tumeelewana: siku za mitihani ya shule wanapunguza, na mwezi wa Ramadhani sisi tunafupisha vipindi. Hakuna barua iliyoandikwa. Tulikutana msibani tukazungumza.

Ada nalipa kwa korosho. Mnada ukichelewa?

Hapa ndipo shule ndogo inapojionyesha. Shule inayoifahamu Mtwara inapanga awamu kubwa ya ada Desemba au Januari, malipo ya vyama vya msingi vya ushirika yakishaingia benki, na inaacha awamu ndogo kwa miezi ya kiangazi cha mfukoni, Mei mpaka Septemba. Shule inayodai awamu nne sawa sawa imeandikiwa watu wa mshahara.

Msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu. Nani alibaki na wanafunzi wake na nani aliwarudisha nyumbani, wazazi wa Newala na Tandahimba wanakumbuka mpaka leo. Ukitaka kuijua shule, waulize wao.

Ushauri wangu: njoo useme kabla hujadaiwa. Mzazi anayekuja na kusema "sina, nitalipa mnada wa tatu" anaelewana nasi. Anayezima simu anamwachia mwanawe aibu ya kuitwa ofisini.

Na kabla ya kulipa chochote, omba karatasi yenye jumla yote: ada, chakula, sare, sweta (ndiyo, sweta, Mtwara, na joto hili), usafiri, mitihani ya majaribio, mahafali. Ada ndogo yenye michango kumi si ndogo.

Mnachapa?

Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vinavyotolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Omba kukiona kitabu hicho. Shule inayosema "sisi hatuna kitabu" huku kila mwalimu wa zamu anatembea na fimbo, umeshapata jibu lako.

Usafiri ukoje?

Julai 2022 basi dogo la wanafunzi lilipata ajali Mikindani na watoto wakapoteza maisha. Hakuna mzazi wa Mtwara anayeuliza swali hili kwa mzaha tangu siku ile, kwa hiyo nami sitalijibu kwa mkato.

Usiulize kama shule ina basi. Uliza basi linabeba watoto wangapi na lina viti vingapi, kisha simama barabarani siku moja asubuhi uhesabu mwenyewe. Uliza dereva ana muda gani kazini hapo na nani huliendesha gari akiugua. Uliza kama kuna matroni ndani ya gari, na orodha ya majina anayoitia watoto wanapopanda na kushuka. Uliza gari lilikaguliwa lini, uone karatasi. Angalia matairi kwa macho yako. Huhitaji ufundi kuona tairi lililokwisha. Shule ikikasirika kwa maswali haya, mpeleke mtoto kwa miguu shule ya jirani.

Faida moja ya shule ndogo ya mtaani ni kwamba wengi hawahitaji basi kabisa. Watoto wa Shangani au Chuno wanakuja kwa makundi, wakubwa wakiwashika mikono wadogo, na muuza maandazi wa kona anajua saa wanayopita.

Mna bweni?

Hatuna. Waraka wa mwaka 2023 ulizuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na mimi niliufurahia. Mtoto wa miaka saba alale kwao.

Ubaya wa shule ndogo ni upi?

Upo, na ukiuficha mzazi ataugundua mwezi wa tatu.

Mwalimu mmoja dhaifu anaharibu somo zima kwa miaka. Kwenye shule kubwa mtoto akipanda darasa anapata mwalimu mwingine wa Sayansi; kwetu anaweza kumpata yule yule tangu la tatu hadi la saba. Walimu pia wanaondoka. Serikali ikitangaza ajira, vijana wetu wazuri wanaomba, wakipata wanakwenda, na siwalaumu: kule kuna pensheni na uhakika. Uliza walimu wangapi wameondoka mwaka jana na nani aliziba nafasi zao, na kwa muda gani.

Maabara, maktaba, uwanja: vichache au hakuna. Timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, tunaipata kwa shida; kipa wetu alikuwa wa darasa la nne na glavu zilimfika viwikoni.

Halafu kuna umbea. Ukaribu huu ninaousifu una mlango wa nyuma. Mkiachana na mwenzako, shule nzima inajua kabla ya Ijumaa. Mtoto aliyekosea mwaka jana anaweza kubeba jina hilo mpaka anamaliza, maana wanaomwona ni walewale. Na mmiliki akiwa ndiye mwalimu mkuu, na mkewe ndiye mhasibu, malalamiko yako utayapeleka kwa nani? Hapa lazima kuwe na kamati ya wazazi inayokutana kweli, yenye mwenyekiti asiye ndugu wa mmiliki. Bila hiyo, shule ya karibu inakuwa nyumba ya mtu, nawe ni mgeni unayelipa.

Matokeo yenu yakoje?

Angalia tovuti ya Baraza la Mitihani, matokeo ya kila shule yapo hadharani: upimaji wa darasa la nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora, kwa hiyo mabango ya "sisi ni wa kwanza kimkoa" yapokee kwa tahadhari. Darasa likiwa na watahiniwa 12, mtoto mmoja anaweza kubadilisha wastani wote, basi angalia miaka mitatu au minne mfululizo. Na linganisha idadi: kama darasa la nne walikuwa 30 na la saba wamefanya mtihani 17, uliza 13 wako wapi. Kuna shule huwaondoa wanaosuasua ili bango lipendeze, nao mara nyingi ni wale wale wa katikati niliowataja.

Akimaliza kwenu ataruhusiwa sekondari ya serikali?

Ndiyo. Mtihani ni wa taifa, akifaulu anapangiwa shule kama wengine.

Mwenye mtoto aliyeanza darasa la tatu 2024 azingatie jambo moja. Kwa sera mpya elimu ya msingi ni miaka sita, hivyo kundi lake linamaliza 2027 likiwa darasa la sita, mwaka mmoja na kundi la mwisho la darasa la saba. Uliza shule imejiandaaje kwa madarasa mawili ya mtihani kwa mpigo, hasa kama walimu wa kuyafundisha ni walewale wachache.

Nitajuaje kama shule imesajiliwa?

Omba namba ya usajili na cheti chenyewe. Kisha pita ofisi ya elimu ya halmashauri, au kwa wathibiti ubora wa shule, uliza. "Usajili uko njiani" ni jibu baya, kwa kuwa shule isiyosajiliwa haina namba ya kituo cha mtihani, na watoto wake husajiliwa kwa mlango wa shule nyingine.

Nataka kumhamisha kutoka shule ya serikali. Nianzie wapi?

Anzia kwa mwalimu mkuu wa shule anayosoma sasa, kwa heshima, usimtoroshe mtoto. Taarifa zake ziko kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na lazima zihamishwe zimfuate, la sivyo atakuja kukwama kwenye usajili wa mtihani wa taifa. Kuhamia mchepuo wa Kiingereza ni rahisi darasa la kwanza mpaka la tatu. La tano na kuendelea, tutakuomba akubali kurudi darasa moja nyuma, na uamuzi huo uzungumze naye kabla hujaja. Ni yeye atakayekaa na wadogo zake.

Usaili mnauliza nini?

Kwa mtoto: asome, aandike, ahesabu kidogo, na atuambie anapenda kucheza na nani. Kwa mzazi: nani atakuwepo nyumbani mtoto akirudi saa tisa. Nafasi za awali hujaa mwanzoni mwa Desemba. Njooni asubuhi, siku yoyote ya shule, bila kupiga simu kwanza, ili mtukute tulivyo.